Amebaki Kwenye Nusu Kaputi

Guayaquil, 22 Julai 2018

Mama mkubwa Targelia,

Shikamoo. Sisi huku tuzima. Joto limepungua kidogo, Vinicio anakwenda bandarini na kurudi, na paka wa jirani amezalia kwenye ndoo yetu ya nguo chafu, hakuna mwenye moyo wa kumhamisha. Jibini lilifika likiwa limetoa maji lakini tulilila lote. Nasikia sherehe ya Bikira Maria wa Karmeli ilifana na kwamba ulicheza na yule mgane fundi viatu. Mélida ndiye aliyeniambia kwenye simu. Sitauliza zaidi.

Naandika kwa sababu simu ya dukani kwa Mélida haifai kwa jambo hili. Wewe husikii vizuri, mimi itabidi nipaze sauti, na kila anayekuja kununua sukari atajua habari za tumbo langu. Barua hii naipeleka kwenye ofisi ya basi ije na dereva.

Unajua mimi na Vinicio tunatibiwa ili tupate mtoto. Sijawahi kukueleza inavyokwenda. Unachomwa sindano za tumbo kila siku mpaka mayai ya uzazi yakomae mengi kwa pamoja. Halafu wanayatoa kwa sindano ndefu, wanayaunganisha nje na mbegu za mume, kisha wanakurudishia. Wakati wa kuyatoa wanakulaza kwa nusu kaputi. Ni dakika chache tu, wanasema. Pale kliniki kila mtu anaitaja nusu kaputi kama anayekuagiza chumvi.

Kabla ya hapo daktari wa usingizi anakuhoji. Ni mwanamke, Dakta Iturralde, ana sauti ndogo. Aliniuliza kama nina pumu, kama nina meno ya bandia, kama navuta sigara. Kisha akauliza kama kuna mtu wa damu yangu aliyewahi kupatwa na jambo chini ya nusu kaputi. Nikasema mama yangu alibaki, hakuamka tena. Akaweka kalamu chini.

Anasema kuna miili inayoikataa dawa ile, na kwamba kuikataa huko kunarithiwa. Hatanilaza mpaka ajue mama alifanyiwa upasuaji gani, wapi, na nini hasa kilitokea. Mimi najua mlichoniambia: kidole tumbo, Machala, mwaka themanini na sita, amebaki kwenye nusu kaputi. Nilikuwa na miaka saba. Wewe ulikuwepo.

Niandikie unachokumbuka, hata kama ni kidogo. Daktari wa kliniki anasema mayai yangu hayana subira, na mwakani natimiza arobaini.

Mwanao,
Magali


Zaruma, 9 Agosti 2018

Mwanangu Magali,

Marahaba. Mimi mzima, ila goti halitaki kupanda kwenda kanisani, linapenda kushuka tu. Mvua hakuna, kahawa inakauka vizuri uani. Nilicheza, ndiyo, nyimbo mbili, na huyo Mélida aliyekupelekea umbea alicheza mpaka wapiga ngoma wakachoka, hilo hakukuambia. Yule mgane anakanyaga watu miguu. Hakuna cha kuuliza hapo.

Paka mwacheni kwenye ndoo. Nguo mtafua nyingine.

Sasa hilo la kliniki. Mimi sijasoma, lakini kwani lazima wakulaze? Mke wa Ortega wa pale juu alijifungua kando ya njia na jioni yake alikuwa anachambua maharage. Mimi magego yangu yalitolewa na mtu aliyekuwa kinyozi. Waulize hao madaktari kama haiwezekani ukiwa macho, ukafumba tu na kusali salamu Maria kadhaa.

Kuhusu mama yako, ni zamani mno. Bibi yako amekufa, padre amekufa, nyumba ile ina watu wengine na wamepaka rangi mbaya. Mwache Nelva apumzike. Huyo daktari akikuuliza tena, mwambie hakuna. Sema: katika familia yetu hakuna aliyepatwa na chochote chini ya nusu kaputi. Sema hivyo, tia sahihi, lala, amka, yaishe.

Nakutumia kahawa na jibini jingine, safari hii nimelifunga kwa majani mawili. Msalimie Vinicio. Mwambie apunguze chumvi, nilimwona Pasaka jinsi alivyokuwa anaimwaga kwenye ndizi.

Mama yako mkubwa,
Targelia


Guayaquil, 23 Agosti 2018

Mama mkubwa,

Shikamoo. Jibini lilifika kavu, asante. Watoto watatu wa paka wameshatoka kwenye ndoo. Vinicio amekusikia kuhusu chumvi.

Nimeuliza kama wanaweza kunifanyia nikiwa macho. Kwa wengine inawezekana. Mayai yangu yamejificha kwa nyuma, sindano inapita mbali, na mtu akitikisika inaweza kuchoma mshipa. Dakta Iturralde aliniambia hivyo bila kunitisha. Na mimi natikisika.

Lakini kuna jambo sikulielewa. Unasema nimwambie daktari hakuna. Maisha yangu yote mmeniambia yupo. Nilipotakiwa kukatwa mafindofindo, bibi alikataa, akasema katika damu yetu dawa hiyo haikai. Nilipovunjika mkono pale kwenye ukuta wa shule, waliunyoosha hivi hivi, bibi amenishika kichwa na mimi nauma mkanda wa mwalimu. Meno yangu nimetolewa kwa ganzi nusu kwa sababu kila daktari namwambia habari ya mama. Sasa nasoma kwamba niseme hakuna, na umeliandika kwa wepesi, kama mtu anayesema duka limefungwa.

Nikisema hakuna kumbe yupo, ni mimi nitakayekuwa nimelala pale.

Basi lipi ni la kweli? Sihitaji maneno mazuri. Nahitaji la kumwambia daktari.

Mwanao,
Magali


Guayaquil, 30 Septemba 2018

Mama mkubwa,

Shikamoo. Kifurushi kimefika. Kahawa, jibini, ndizi mbichi, na soksi za Vinicio. Nimekipekua mpaka ndani ya kahawa. Hakuna barua. Jumapili kwenye simu ulisema unasikia upepo tu. Nilipokuambia bei ya nyanya ulisikia vizuri.

Basi nianze mimi. Julai nilikuandikia kana kwamba sijawahi kufika mezani. Nilikaribia kabisa, mwezi wa Juni; daktari wa usingizi wa siku hiyo alikuwa mwingine na hakuuliza habari za ndugu.

Sindano zote nilikuwa nimemaliza. Ipo ya mwisho, wanayokuchoma ili mayai yaachie, na ukishachomwa hiyo hakuna kurudi nyuma. Yasipotolewa kwa saa waliyopanga yanapotea yenyewe ndani. Nilikuwa sijala, sijanywa hata maji. Nilikuwa nimevaa gauni la kufungwa kwa nyuma na kofia ya karatasi, dripu mkononi, nimelazwa kwenye kitanda cha magurudumu nyuma ya pazia nikingoja zamu. Sikuwa na hofu. Watu hawaniamini nikisema hivyo. Nilikuwa sihisi kitu, mwili wote kama mkono uliolaliwa. Nilikuwa natazama dari tu.

Upande wa pili wa pazia manesi wawili wanapanga vyombo. Mmoja akauliza, "Na yule mama wa kutoka Milagro, yule mnene mcheshi, imekuwaje?"

Mwenzake akajibu, "Amebaki, mwenzangu."

"Usiniambie. Amebaki kweli?"

"Amebaki. Mume wake amelia hapo mlangoni mpaka nikamletea kiti."

Neno letu unalijua. Aliyeshika mimba tunasema amebaki. Aliyefia kwenye meza ya upasuaji, naye amebaki. Ndani ya kliniki ya uzazi mtu yeyote mwenye akili timamu angejua ni kubaki kupi. Mimi nililisikia lile la nyumbani kwetu. Nikachomoa dripu, nikashuka kitandani, nikapita katikati ya watu na gauni wazi mgongoni, nikateremka ngazi mpaka barabarani. Mlinzi ndiye aliyenivika koti lake. Vinicio alinikuta nimekaa ukingoni mwa barabara, damu inatoka kwenye mkono, nimevaa koti la mlinzi na kofia ya karatasi.

Yule mama wa Milagro ana mimba ya mapacha. Nilimkuta mapokezi wiki iliyofuata anakula sambusa ya jibini na kuwachekesha watu.

Mayai yakapotea. Vinicio hakunifokea. Ningependa angefoka. Alilikunja lile gauni, akalirudisha kliniki yeye mwenyewe, na tangu siku hiyo tunaongea habari za paka. Nilipokuandikia kwamba amekusikia kuhusu chumvi, sikuwa nimemwambia.

Mliponiambia mama amebaki, mimi nilikuwa mtoto, nililielewa neno kama lilivyo. Kwamba amependa kubaki Machala. Nilimkasirikia sana. Nilimhifadhia kipande cha muhogo kabatini akirudi, halafu siku moja nikakila mwenyewe kwa hasira. Hakuna mtu mzima aliyenikalisha chini akanisahihisha. Nilikuja kuelewa shuleni, msichana mmoja aliponiambia mbele ya wenzake.

Daktari ananingoja. Mimi nakungoja wewe. Sitakuandikia tena mpaka unijibu.

Magali


Zaruma, 4 Novemba 2018

Mwanangu,

Marahaba. Goti ni lile lile. Juzi ilikuwa siku ya marehemu, nikaenda kwa Nelva na ndoo na brashi, nikasugua jiwe, nikapaka msalaba rangi. Uji wa zambarau wa siku hiyo niliunywa pale pale, nimekaa kwenye kaburi la jirani yake, Mungu amrehemu, hakulalamika. Kila mwaka huwa namnunulia ule mkate wa umbo la mtoto na kumwachia. Mwaka huu nilisimama pale kwa muoka mikate, nikaziangalia zile sura za sukari, nikaondoka mikono mitupu.

Barua yako nimeisoma mpaka imechanika kwenye mkunjo. Nilipofika kwa yule mama wa Milagro nilicheka, Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikaketi chini. Kisha nikakuona uko barabarani na mgongo wazi, nikalia na leso ikalowa. Kwa hiyo nakujibu.

Nelva hakubaki popote. Hakuna Machala. Hakuna kidole tumbo. Hakupewa nusu kaputi, hata tone moja.

Alikuwa na mimba. Baba yako alikuwa New York tangu mwaka uliotangulia na hakuwa amerudi, kwa hiyo hesabu mwenyewe. Ya nani, usiniulize. Hilo sitalijibu hata padre akiwa amesimama kichwani kwangu.

Kwenye njia ya kuteremkia Portovelo kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa akiwasaidia wanawake. Nelva aliniomba nimsindikize, nikamsindikiza. Alilala kwenye meza ya jikoni. Alipewa pombe ya miwa kidogo na kitambaa cha kuuma. Mkono wake nilikuwa nimeushika mimi. Ilipokwisha alirudi kwa miguu yake, akapika wali, na wewe uliula ukaomba tena. Baada ya siku mbili homa ikapanda. Nilisema tumpeleke hospitali. Bibi yako alisema hospitalini watauliza, na wakishauliza wataita polisi, na wakija polisi mtoto huyu atakuwa wa nani? Mtoto huyo ulikuwa wewe.

Tulimweka chumba cha nyuma, kwenye kitanda changu. Bibi yako alitoka akawaambia watu Nelva ameteremshwa Machala, kidole tumbo. Wewe ulipelekwa kwa Mélida kucheza. Ulikuwa nyumba ya pili, mwanangu. Alipokufa tukasema ameletwa alfajiri. Jeneza halikufunguliwa. Amebaki kwenye nusu kaputi, bibi yako alisema mlangoni, na watu wakavua kofia. Kilikuwa kifo cha heshima. Padre alipiga kengele. Walileta kuku na mishumaa.

Uongo ukishasemwa mlangoni inabidi uendelee kulishwa. Ndiyo maana ya mafindofindo yako. Ndiyo maana ya mkono. Bibi yako alikushika kichwa siku ile akijua wazi kwamba dawa isingekufanya kitu. Alirudi nyumbani akatapika kwenye beseni.

Kwa hiyo Agosti nilipokuambia umwambie daktari hakuna, nilikuambia kweli. Sikujua namna ya kukupa kweli hiyo bila kukupa na hii nyingine.

Na jambo moja nalitangulia kwa sababu nakujua. Utakaa ufikiri: mama yangu amekufa kwa kutomtaka mtoto na mimi nakufa kwa kumtaka. Hayo ni matumbo mawili tofauti, lako na la Nelva. Usiyachanganye.

Mama yako mkubwa,
Targelia


Guayaquil, 25 Novemba 2018

Mama mkubwa,

Shikamoo. Huku mvua za kwanza, mtaro wa mbele umeziba kama kawaida. Paka wamegawiwa, amesalia mmoja.

Barua yako niliisoma nimesimama jikoni. Nikaikunja, nikapika. Nilingoja nilie, sikulia. Nikaosha vyombo vilivyokuwa safi. Siku ya pili nikaenda kazini, nikatoa chenji sawasawa kwa kila mteja.

Nilidhani nikijua nitapata nafuu. Sijui kama hii ni nafuu. Nimekaa miaka yote hii nikiogopa kitu ambacho mama yangu alikikosa. Naliandika hapa nilione, na bado sihisi kitu.

Nimeanza sindano upya. Najichoma mwenyewe, asubuhi, mbele ya kioo cha bafuni. Dakta Iturralde nimemwambia jibu ninalo na nitampa siku yenyewe. Itakuwa katikati ya Desemba. Daktari wa kliniki amesema baada ya hapa hatanishauri kujaribu tena, kwa hiyo ni mara hii.

Kliniki haimruhusu mtu kutoka baada ya nusu kaputi bila ndugu wa kumshika. Vinicio yuko kwa kaka yake, huko Durán. Si ugomvi. Siku moja alichukua begi akasema anakwenda kupumzisha kichwa. Asubuhi ile atakuja kutoa mbegu zake kwa sababu bila yeye hakuna la kuunganisha. Kama atakaa baada ya hapo sijui. Sijamwomba.

Wewe pia sikuombi. Najua goti, najua kona za ile barabara zinavyokutapisha. Nakuambia tu jinsi mambo yalivyo.

Mwanao,
Magali


Guayaquil, 8 Januari 2019

Mama mkubwa,

Shikamoo. Haikushika. Nalisema mwanzoni ili usisome ukurasa mzima ukilitafuta.

Damu ilikuja siku ya mwisho wa mwaka. Vinicio alikuwa nje na watoto wa mtaa wanachoma ule mdoli wa mzee wa matambara wa kuaga mwaka, baruti zinalia, na mimi chooni. Alipoingia ananuka moshi akaniona usoni, akajua. Alikaa sakafuni mlangoni pa choo. Tulikaa hivyo mpaka kelele zikaisha. Begi lake lilikuwa limesharudi tangu ile siku ya kliniki. Hatujalizungumza. Limekaa pale pale lilipokuwa.

Kipo kiinitete kingine, wamekihifadhi kwenye barafu. Kukirudisha hakuhitaji nusu kaputi, ni kulala tu na kufumba macho. Wamesema Machi. Nimesema sawa.

Kuhusu siku ile sijakushukuru. Uliposhuka kwenye basi na lile boksi la barafu lenye kuku, umefunga kilemba cha kanisani, nilikuuliza tu kuhusu goti. Supu ya yule kuku tuliinywa mpaka baada ya wewe kuondoka. Vinicio bado anaitaja.

Nataka nikuambie lililotokea ndani, kwa sababu wewe ulibakishwa nje. Nilikuwa nimeshalala mezani. Mikono imenyooshwa huku na huku. Dakta Iturralde akainama, akaniuliza lile swali, kama kuna mtu wa damu yangu aliyepatwa na jambo chini ya nusu kaputi. Nikasema hakuna. Akasema, "Na mama?" Nikasema, mama yangu alikufa kwa kutoa mimba, nyumbani, bila dawa yoyote. Ilikuwa mara ya kwanza kuisikia sauti yangu inalisema. Yule aliyekuwa anafungua vifurushi akaviweka chini.

Dakta akasema, "Pole sana. Basi wewe tutakupa ya kutosha."

Kisha akaniambia nifikirie mahali ninapopapenda, na kabla sijapapata nikawa sipo.

Baada ya hapo sina kitu. Ninachokumbuka kinachofuata ni wewe umepiga goti hilo bovu, unanivalisha viatu. Lakini juzi nilipopiga simu kuhusu Machi, yule nesi mdogo aliuliza hali yako, akasema, "Shangazi yako yule, jamani." Nikamwambia ni mama mkubwa. Akasema wakati naamka nilikuwa nakuuliza jambo moja tena na tena, na kwamba ulimwomba atoke nje ya pazia.

Nilisema nini? Ulikaa kwangu siku tatu na hukuniambia. Niandikie.

Mwanao,
Magali


Zaruma, 27 Januari 2019

Mwanangu Magali,

Marahaba. Nimesikitika. Niliposoma ule mstari wa kwanza nilikwenda uani nikapindua kahawa iliyokuwa imeshapinduliwa. Sina la hekima. Nimesikitika sana.

Mengine ni mazima. Mvua imekuja, barabara imekatika pale chini ya makaburi, ndiyo maana barua hii imechelewa, usifikiri ni mimi. Mélida ameanguka dukani mwake akiwa anachungulia dirishani, na hakuna anayemwonea huruma kwa sababu sote tunajua alikuwa anamchungulia nani.

Vinicio mwambie nampenda. Siku ile hakuondoka. Kazi yake iliisha asubuhi na mapema, na yeye hakuhitaji nusu kaputi, lakini alikaa kwenye kile kiti cha plastiki amepakata mkoba wako kama mlinzi wa benki. Kila mlango ukifunguliwa anasimama. Nilimpa yai la kuchemsha, akalishika mpaka likapoa. Hilo sikukuambia kwa sababu nilidhani atakuambia mwenyewe. Wanaume wa kwenu wanangoja waulizwe.

Machi nitakuja. Kuku nimeshamchagua, yule mwekundu mkorofi. Najua hakuna nusu kaputi safari hii, nakuja hivyo hivyo.

Sasa ulilouliza. Nilikuwa nimeamua nife nalo, lakini nimeshachoka kufa na mambo.

Walikuleta nyuma ya pazia unaamka nusu, macho wazi lakini hayaoni mtu. Ukaniuliza, "Iliuma?" Nikasema haikuuma, mwanangu, ulikuwa umelala, wamemaliza. Ukauliza tena, "Iliuma?" Nikasema hapana. Nesi akacheka, akasema wote huuliza hivyo, niwe nakujibu tu. Ukauliza tena na tena, na mimi nakujibu hapana, hapana. Mwishowe ukakasirika. Ukanishika kifundo cha mkono kwa nguvu ambazo sikujua unazo, ukasema, "Si mimi. Yeye."

Ndipo nilipomwomba nesi atupishe.

Nikakuambia. Iliuma, mwanangu. Iliuma sana, na hakupiga kelele kwa sababu ya watu wa barabarani.

Ukasema, "Haya." Ukalala tena, na mimi nikakaa hapo mpaka ulipoamka ukaomba maji.

Mama yako mkubwa,
Targelia